Akiba ya Mshono

Miaka thelathini na moja nilikata makoti
ya watu nisiowajua.
Kiwandani, hapa Łódź, ghorofa ya pili,
vitambaa arobaini vimelaliana,
kisu cha umeme kinanguruma,
na wanadamu wote tumewagawa kwa namba:
arobaini na mbili, arobaini na nne, arobaini na sita.
Hakuna bega duniani lililo arobaini na nne kamili.
Nalijua hilo. Nililikata hata hivyo.

Usiku, nyumbani, nilishona kwa kipimo.
Bi Halszka: bega la kulia limeshuka sentimita mbili
kwa kubeba makaa hadi ghorofa ya tano.
Mwalimu wa fidla, shingo upande.
Ruwaza zao ninazo bado, karatasi za kahawia,
mia tatu na kitu, juu ya kabati.
Panya wameanza kuzisoma.

Ndiyo maana nataka laptopu.
Unaipiga picha ruwaza, unaigusa mistari,
inakaa milele, au mpaka umeme ukatike.

Dukani, Radzimir, kijana wa sharubu changa:
"Hii hapa, mama. Iko tayari. Uondoke nayo leo."
Naibonyeza kibodi kama ninavyobonyeza sufu.
"Ina kumbukumbu kiasi gani?"
"Gigabaiti nane."
"Na mtu akiwa na mengi ya kukumbuka?"
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Mjukuu wangu Gniewko hataki kuisikia hiyo.
Agiza ya kwako, bibi, iundwe upya:
prosesa unayoitaka,
skrini isiyong'aa, kwa macho yaliyotolewa mtoto wa jicho,
gigabaiti thelathini na mbili, diski pana.
Kila chaguo lina bei, na bei inapanda
kama mimi ninavyopanda ngazi,
polepole, ikishika ukuta, lakini inapanda.
Kisha wiki tano za kungoja.
Wiki tano! Koti la harusi nililimaliza kwa siku nne,
na bibi harusi tumbo lilikuwa likiongezeka kila asubuhi.

"Na atakayenipima ni nani?"
"Hakuna, bibi. Unajipima mwenyewe."

Hapo ndipo aliponikosa.
Hakuna anayejua kujipima.
Shika utepe tu, tumbo linaingia ndani lenyewe,
mgongo unanyooka kwa uongo.
Usiku ule niliijaza fomu yao yote,
na nilipoisoma tena nikamkuta humo mwanamke mwingine:
ana miaka arobaini, anasafiri, anahariri filamu.
Angenipendeza. Nikamfuta.

Mchagua jembe si mkulima, wanasema.
Labda. Lakini asiyechagua sindano si fundi.

Jumanne nikarudi kwa Radzimir.
Nikaigeuza ile ya nane kifudifudi,
kama unavyogeuza koti kutazama bitana.
Skrubu kumi.
"Inafunguka?"
"Inafunguka, mama, nafasi ya kuongeza ipo, ila dhamana..."
"Mwanangu, koti zuri la dukani
ni lile lililoachiwa akiba kwenye mshono."

Nikalipa. Nikalipa pia kipande cha kumbukumbu,
chembamba, ndani ya mfuko wa rangi ya fedha,
ghali kuliko kilo nzima ya chokoleti.

Mezani jikoni: miwani juu ya miwani,
bisibisi ya cherehani yangu,
Gniewko ameshika tochi, kimya, jambo la nadra.
Kipande kikaingia kwa mlio,
mlio ule ule wa kifungo cha chuma.

Imewaka.
Wa kwanza kuingia ni Bi Halszka,
na bega lake limeshuka vilevile, sentimita mbili,
sikulinyoosha.

Skrubu moja imebaki mezani.
Gniewko anapekua tundu zote, jasho linamtoka.
Nimemwambia aache,
nimeitia kwenye kopo la vifungo.