King'ora cha Saa Saba

Ithungu ameuchora mtaa wetu wa Kilembe kwa vidoti.
Kwenye kompyuta ya kukopa, nyuma ya karakana ya Baluku,
mahali cheche za kuchomelea hurukia miguuni,
ametengeneza mchezo. Jaribu, ananiambia.
Bonyeza hapa kutembea, hapa kuokota.
Na kufa?
Hakuna kufa, Masika. Ukichoka, unakaa.

Mimi ni wa kwanza, yeye ni wa tano. Kwetu jina ni foleni.
Nikatii kama mdogo.

Basi nikawa binti mwenye koti la manjano
na kikapu kisichojaa.
Juu, matuta ya kahawa, mihogo iliyolowekwa,
mbuzi mkaidi anayedai chumvi kabla ya kukupisha.
Chini, kiwanda: mabati, mikanda, reli nyembamba
iliyoingia mlimani ikasahau kutoka.
Katikati, daraja la mbao.
Muda mwingi uko hapo, unapanda, unashuka.

Kazi yenyewe ni ndogo. King'ora cha mgodi kimenyamaza
na bibi kule juu hajui tena saa ya kuepua chungu.
Nenda ukakitengeneze.
Lakini fundi hatoi nati bila kahawa iliyokaangwa,
kahawa haikaangwi bila kikaango,
kikaango kimetoboka, kiraka kiko kwa mlinzi wa lango,
na mlinzi, maskini, hataki hela.
Anataka mtu wa kumsimulia ndoto yake ya samaki.
Kuna kitufe cha kusikiliza.
Ukikibonyeza kwa pupa, anaanza upya.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Samaki alikuwa mjomba wake.

Kwenye ukuta wa kiwanda Ithungu ameweka pampu,
na mbele yake mtu asiye na uso, ana ndoo.
Sikuuliza. Mgodi ulipofungwa, baba alibaki na pampu,
akiyatoa maji ambayo hakuna aliyeyangoja nje.
Alirudi na shaba vidoleni.
Nilikua nikidhani ndiyo harufu ya baba wote.

Kisha ukaja mto.
Katika mchezo, Nyamwamba hufika mlangoni na kupiga hodi.
Majibu ni mawili: karibu, au siyo leo.
Ukijibu siyo leo, unageuka,
unarudi zake ukiburura mawe kama mgeni aliyeona haya.

Nikabonyeza siyo leo.
Nikatoka, nikaingia tena, nikabonyeza siyo leo.
Mara kumi na moja.
Ithungu alikuwa anamenya ndizi, hakuinua macho.

Ule wa kweli haukubisha.
Ulichukua kitanda, redio, choo cha jirani,
ukatuachia jiwe kubwa kama lori
pale palipokuwa jiko. Bado tunaanikia nguo juu yake.

Nati ikapatikana. Nikapanda ngazi arobaini za kutu
(nilizihesabu, ni arobaini kweli, hata zile za nje)
nikavuta mkono wa chuma.
Sauti iliyotoka si ya king'ora.
Aliizunguka Kilembe nzima, anasema, akitafuta anayeikumbuka.
Mzee wa kinyozi alitoa yake, muuza sombe yake,
hazikufanana hata mbili.
Mwishowe akamrekodi mama:
uuuuuuuu, ndefu, inapanda, inatetemeka,
halafu kikohozi.

Kule juu, bibi wa vidoti akaepua chungu.
Moshi ukanyooka. Mbuzi akalala.
Yule wa pampu akaweka ndoo chini,
akakaa juu yake.

Nilitaka kumwambia kitu mdogo wangu,
lakini Baluku akawasha mashine yake mlango wa pili,
umeme ukayumba, kioo kikawa cheusi,
nikaona tu uso wangu na jino la Ithungu akicheka.

Umehifadhi?
Bado sijaiandika sehemu hiyo, dada.

Sawa. Kesho nitakuja na chumvi.