Pendekezo Namba Mia na Kumi na Nane

Tartu, Desemba, saa kumi alasiri na giza limekwisha ingia.
Urve Kaldma anafuta ubao kwa kiganja,
kitambaa kimepotea tangu Jumanne.
Anaandika mbili, alama ya kujumlisha, mbili,
anawageukia wenzake watano:
Hii ni nne, au ni ishirini na mbili?

Hakuna anayecheka.
Wanalikumbuka duka la dawa la Võru,
vidonge viwili asubuhi, viwili jioni,
na karatasi iliyotoka mashineni
ikiamuru vidonge ishirini na viwili kwa siku.
Mfamasia alikuwa na macho.
Siku ile alikuwa na macho.

"Namba hujumlishwa," anasema Urve, "maneno hutungwa.
Tumezivika kazi mbili shati moja,
sasa tunashangaa kwapa kuchanika."
Anachora kiwimbi, ~, kidogo, kimepinda
kama nyusi ya mtu asiyesadiki.
Hiki tu. Kipo kwenye kibodi zenu, hakina kazi.

(Mimi ninayeyaandika haya
nina kitenzi kimoja tu cha shanga na shairi,
na mimba hutunga, na jipu hutunga usaha,
na sijawahi kumeza vidonge ishirini na viwili.
Lakini mimi si mashine, na yeye hakuniuliza.)

Endel anavua miwani, anaifuta kwa tai.
"Kuna mistari milioni tatu iliyoandikwa kwa alama ya zamani.
Utapita mlango kwa mlango?"
"Nitapita."
"Na wenyewe waliokufa?"
Hapo Urve ananyamaza.

Siim, mdogo wao, anataka pasiwe na alama kabisa.
"Jää ni barafu. Äär ni ukingo.
Bibi yangu huviweka pamoja, jäääär, ukingo wa barafu,
na hajauliza gundi iko wapi."
"Zihesabu hizo ä," anasema Urve.
"Nne."
"Zipi za barafu, zipi za ukingo?
Wako watu ziwani Peipsi, Siim,
waliozama kwa kutouona mshono huo."

Kura: wawili ndiyo, watatu hapana.
Endel anasema bado,
na katika chumba hiki
bado moja imewahi kukaa miaka minne.

Usiku, jikoni, supu ya mbaazi inapoa.
Urve anafungua nakala yake mwenyewe ya lugha,
isiyo na kamati, isiyo na marehemu,
anakipa kiwimbi kazi.
Barafu na ukingo vinaungana bila neno.
Kisha anajaribu mbili kwa mbili,
namba tupu, zisizo na alama za kunukuu,
na mashine inakataa, kwa sentensi
aliyoiandika yeye saa moja iliyopita na kuisahau:

Hizi ni namba. Ulitaka kutunga nini?

Anaisoma mara mbili.
Anainuka kuipasha supu moto.