Bado?

Kamera yangu ina kioo ndani, na kioo kina kelele:
kacha! Hata padri wa Kutaisi huisikia katikati ya sala.
Miaka kumi na mmoja. Harusi mia nne na ushei.
Mpira wa mshikio ulibanduka, nikaugandisha kwa gundi ya viatu.

Siku hizi maharusi wanataka picha na video, mkono uleule.
"Huna ile isiyo na kioo?" aliuliza Tekla,
na kazi akapewa Zurabi, mpiga picha wa juzi.

Dukani wameniazima moja, hadi Jumatatu.
Nyepesi. Hulifuata jicho la mtu yenyewe, hata gizani.
Bei yake ni paa la nyumba.
Nasema paa hasa, mabati na misumari,
hili linalovuja juu ya kitanda cha mama.

Nilimkuta mama jikoni akimenya komamanga.
Akafuta vidole, akaweka sawa kitambaa, akatabasamu.
Nikapiga ishirini. Kimya.
Akaendelea kutabasamu.
Sijui kwa nini, nikabonyeza kitufe chekundu.
Sufuria ikafurika nyuma yake, naye katulia, shingo wima,
anangoja ile kacha aliyoizoea.
"Bado?" akauliza, midomo haisogei.

Leo Jumapili, mvua haikatiki.
Ndoo i juu ya godoro, inahesabu: to, to, to.
Nimeitazama ile video mara tisa.
Mama, kutoka chumbani:
"Umeamua?"

Bado.