Picha ya Thelathini na Mbili

Ami Twalibu alipiga picha moja kwa mwaka.
Masika yakiisha, Sabaki ikishuka nyekundu
kumwaga mashamba ya watu wa bara baharini,
alifunga duka lake la vipuri vya baiskeli,
akaenda gatini, akaegemea nguzo ya tatu,
akapiga. Moja.
Kisha akarudi kuuza spoku.

Mkanda ule ule, tangu mwaka niliozaliwa.
Tukimwambia, "Ami, kausafishe, tuone,"
alijibu, "Haujaisha, utasafishwaje?
Wali hauepuliwi ungali na maji."

Siku ya hitima nilipewa kamera
imeviringwa kikoi, ndani ya debe la unga.
Kidirisha kilisema thelathini na moja.
Zimebaki tano.

Ndugu zangu wakasema, peleka Mombasa,
kuna mzee Makadara bado ana dawa.
Nami nikawaza yaliyomo mle gizani,
yamejipanga kama safu ya swala, bega kwa bega,
hayajaonana nyuso:
bahari inapiga nguzo,
bahari inafika magotini,
bahari inalamba,
mchanga,
mchanga,
mchanga na goli la miti miwili.

Nani aliiona ikiondoka?
Sisi tuliokaa Malindi hatukuiona,
kama mama asivyomwona mwanawe akirefuka
mpaka suruali ipande juu ya vifundo.

Na wekundu wenyewe hautakuwamo.
Mkanda ni wa nyeusi na nyeupe.
Udongo wote ule ulioisukuma bahari
utatoka kijivu tu,
kama kibarua aliyejenga nyumba nzima
na siku ya karamu hakuitwa.

Huenda pia hamna kitu.
"Picha za mwanzo huchoka kungoja,"
aliniambia yule mzee kwa simu.
"Na kuna mikanda isiyonasa meno, mwanangu.
Mtu hupiga miaka, mkanda umelala.
Ukivuta, tazama kinundu cha kushoto.
Kikizunguka, umo. Kisipozunguka..."
Akakohoa. Salio likaisha.

Mwaka huu mvua zilikawia kukatika.
Nilikwenda Jumanne, jua la saa nne.
Nguzo ya tatu imekula kutu,
mtu ameikwaruza jina na moyo uliopinda.
Chini yake vijana wanacheza mpira
pale pale Ami alipodondosha kandambili
na maji yakaichukua.

Golikipa akaniita, "Dada, wapiga nini huko,
na sisi tuko huku?"

Sikuwa na jibu la kumpa.
Nilishusha pumzi nusu, nikabonyeza.

Kisha nikavuta wenzo,
na kabla sijatazama
nikakifunika kinundu kwa kidole gumba.

Kitu kilizunguka chini ya kidole.
Au ni mshipa wangu.