Duka la Tatu

Mvua ya Dunedin imetulowesha hadi soksi.
Ngaire anakung'uta daftari, anaketi karibu na tanuri.
"Haya, sema."

Nauma kikeki cha limau.
Tangu yale matibabu ulimi wake
haujui sukari wala chumvi,
basi mimi mdomo, yeye kalamu.

"Kitamu."
"Kitamu ni neno la wavivu, Philippa."

Nafumba macho.
Ni kama kuvua viatu vilivyobana.
La, ngoja:
kama kicheko kinachokubana kanisani
na mchungaji anakutazama.

Anaandika yote, hata la na ngoja.
Kisha anachovya kidole kwenye krimu,
anakilamba polepole.

"Baridi," asema. "Hiyo naipata."

Tukampa mwokaji tisa.
Lile la pili tulilipa mbili, na chai ilikuwa bure.