Kipande cha Ngazini

Saa kumi na moja alfajiri, Winnipeg.
Natoka kiwandani, mikono inanuka hamira,
ndevu zimeganda njiani toka kituo cha basi.
Theluji imelala mlangoni pa jirani, Mzee Hrynchuk,
yule aliyenishtaki manispaa mwezi wa tisa
kwa ajili ya pipa la taka
lililosimama barabarani siku moja zaidi.

Nikashika beleshi.
Nikasema, Bwana, unaona.
Nikachota, nikatupa, nikachota,
toka geti lake hadi barazani,
na taa ya kwangu nikaiacha inawaka
ili akichungulia amjue ni nani.

Mkono wa kulia ulishika beleshi.
Wa kushoto ulishika simu.
Picha ikavuka bahari hadi Tukuyu,
kwenye kundi la wazee wa ushirika,
na chini yake nikaandika kwa unyenyekevu mkubwa:
Si mimi, ni neema tu.

Zikaja Amina arobaini na tatu.
Mchungaji akaahidi kunitaja Jumapili.
Ni dada yangu Atupele peke yake
(jina lake kwa kwetu ni Ametupa)
aliyeuliza: "Kaka, na mkono wa pili uko wapi?"
Sikumjibu. Nilimwekea kidole gumba.

Mgema nilisifiwa, tembo nikalitia maji.
Desemba yote nilisafisha ile njia ya katikati tu,
inayoonekana na wapita njia,
na pale chini ya ngazi, penye barafu ngumu kama jiwe la kusagia,
nikapaacha.
Nani anapiga picha kona?

Mwezi wa pili mgongo ukagoma.
Siku tatu nimelala chali kama kobe aliyepinduliwa,
nahesabu nyufa za dari,
na nje inaanguka, inaanguka,
mvua isiyopiga hodi.
Nikawaza: sasa watajua.
Sasa wataliona pengo langu.
Mungu anisamehe, hayo ndiyo yalikuwa maombi yangu.

Siku ya nne nikajikokota hadi dirishani.
Kwangu palikuwa na njia.
Nyembamba, imepinda kama njia ya mbuzi,
imenyunyiziwa majivu,
na kando yake vitundu, vitundu, vitundu
vya mkongojo,
vikirudi hadi mlango wa jirani.
Ana miaka themanini na miwili.

Nikaenda na mkate. Mlango ukafunguka upana wa uso.
Nikasema asante, nikasema usingejisumbua,
nikalitafuta lile neno, neema,
nililoliandika kirahisi chini ya picha;
likanikwama kooni kama mwiba wa samaki.
Yeye akaunusa mkate.
"Ulikuwa unaacha pale kwenye ngazi," akasema.
"Kila mara. Nilikuwa namalizia."

Kila mara.
Kwa kishoka, ameegemea ukuta,
mimi nimelala usingizi wa pono,
simu imejaa sifa chini ya mto.

Alipotaka kufunga akakumbuka jambo.
"Na lile pipa lako, gurudumu limevunjika.
Ndiyo maana hulivuti kwa wakati.
Lilete, nilitengeneze."

Sikupiga magoti. Mgongo ulikuwa bado.
Nilisimama tu pale barazani, mdogo,
na kwa mara ya kwanza udogo haukuniuma;
ulikuwa kama kuvua koti zito
ndani ya nyumba yenye moto.

Usiku ule nilimwandikia Atupele:
Mkono wa pili nimeuona.
Haukuwa wangu.

Mwezi wa tatu, na huku theluji bado.
Taa ya nje naizima kabla sijashika beleshi.
Kile kipande cha ngazini,
siku hizi naanzia hapo.