Ubao wa Tatu kutoka Kaskazini

Saa tatu asubuhi, Februari, Nebraska. Akidi imetimia:
wajumbe watatu, mwanasheria mwenye mafua,
na mimi, Lorna Vejvoda, karani wa kaunti
mwaka wa ishirini na mbili huu.
Nje theluji imefunika mabua ya mahindi ya mwaka jana.
Ndani bomba la joto linagonga kama mdai.

Kumbukumbu za kikao kilichopita: zimepitishwa.
Malipo: mafuta ya greda, chumvi ya barabara,
dola mia nne na kumi na mbili kwa choo cha mahabusu
kilichozibwa na soksi. Soksi siiandiki.
Kokoto, tani mia sita. Hruska anauliza bei
kama aulizavyo kila mara, na kila mara
bei imepanda, na kila mara anashusha pumzi
kama ng'ombe aliyefika majini akakuta barafu.
Imepitishwa.

Ajenda ya saba. Daraja nambari kumi na tisa,
mbao juu ya chuma, limefungwa miaka kumi na moja
tangu siku ile ya lori la maziwa.
Kulikarabati ni fedha tusizonazo.
Kulibomoa ni fedha tusizonazo, ila chache zaidi.
Libomolewe. Ndiyo, ndiyo, ndiyo.
Dakika nne. Nimeona watu wakichagua viatu kwa muda mrefu kuliko huo.

Maoni ya wananchi, dakika tatu kila mmoja.
Merle Oltmans na mibaruti yake:
magugu ya jirani, asema, hayajui mpaka.
Amelisema hilo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.
Kengele inalia. Kifaa chake cha kusikia
nadhani amekizima makusudi.

Kisha Arlys Tietjen. Themanini na moja, hana karatasi.
Anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili
kama anayeshuka ngazi gizani.
"Sikuja kupinga," anasema.
"Bovu ni bovu. Hata Gene angesema hivyo,
na Gene ndiye aliyezipigilia mbao zile,
kwa mshahara wenu, kiangazi cha baada ya mafuriko.
Ubao wa tatu kutoka kaskazini
alichonga herufi zetu upande wa chini
ili kaunti isizione.
Naomba ubao huo."

Bomba linagonga.
Mwanasheria anafuta pua. Mali ya umma, asema,
na naona ulimi unamwia mzito,
haigawiwi. Sheria haina mlango wa hisani;
ina kidirisha cha mnada tu.
Arlys anaitikia kwa kichwa. Ameishi na mwajiriwa wa serikali
miaka hamsini na miwili, lugha hiyo anaijua.
Muda wake umebaki sekunde hamsini.
Anazitumia kusimama.

Hapo Hruska, yule wa bei ya kokoto,
aliyeninyima kiti kipya mwaka juzi, anakohoa.
Natoa hoja, asema, kwamba ubao mmoja,
wa tatu kutoka kaskazini,
utangazwe kuwa mali chakavu isiyohitajika
na upigwe mnada, hapa, sasa hivi,
bei ya kuanzia dola moja.
Anayeafiki? Yupo.
Mwanasheria anatazama dari. Kuna doa huko
tangu paa lilipovuja; analisoma kama waraka.
Mnunuzi?
Oltmans wa mibaruti anainua mkono.
Mkewe anamvuta shati. Mkono unashuka.

Arlys anafungua kipochi,
anapanga sarafu za robo dola, nne, mbele yangu.
Zina joto la glavu.
Stakabadhi 0887. Maelezo: ubao, mmoja.

Ukifungua daftari hutakuta herufi, wala Gene.
Utakuta: Hoja, Hruska. Waliopinga, hakuna.
Mstari umepinda kidogo pale; mwandiko ni wangu.

Ajenda ya nane: leseni za mbwa.